Mguu wa Mjomba na Mashine Iliyochochewa

Chumbani kwangu, nyuma ya karakana
3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mfikishie Mkaza Mjomba shikamoo yake, na Mama mwambie sanduku la nguo limefika na kufuli yake, ila panya wa kwenye basi wameonja kona moja. Mimi sijambo, kikohozi kimeniachia. Na ninyi? Mshono wa kigutu cha mguu wako hauumi tena kweli, au unaniambia hivyo ili nilale? Dukani unawezaje na gongo moja? Mama anasema unashona viatu ukiwa umeketi juu ya debe na unamfokea kila anayekuonea huruma. Vizuri. Wafokee.

Umeniuliza mara mbili jioni zangu nazipeleka wapi. Nitakwambia, ila usisome ukiwa unakula.

Nachochea kompyuta kuukuu. Niko na mwenzangu wa kazini tunayemwita Pasi, kwa sababu vitu alivyounguza ni vingi kuliko vya dobi. Tunaokota kompyuta zilizotupwa na maofisi na tunazifungua hapa chumbani, juu ya gazeti. Mjomba, watu wanaovaa tai wanafuga uchafu ndani ya vyombo vyao! Jana tumefungua moja ya ofisi ya ardhi. Vumbi limeshikana na nywele za watu na mafuta ya vitafunwa mpaka limekuwa kama blanketi la kijivu. Nimelichuna kwa koleo. Chini yake mayai ya mende yamejipanga, na mjusi mkavu amekumbatia feni, mkia ndani, kichwa nje. Pasi alitoka akatapika. Mimi nilivumilia, maana chini ya uchafu wote huo ndipo ilipo prosesa.

Prosesa ni kijibamba cha ukubwa wa biskuti, na hesabu zote za kompyuta zinapigwa humo. Kiwandani kimepangiwa kasi yake. Lakini kwenye ubao kuna vijipini, na ukihamisha kifuniko kidogo kama punje ya mchele kutoka pini hii kwenda ile, prosesa inakimbia kuliko ilivyoandikiwa. Inapata moto, ndiyo, unaipepea kwa feni kubwa. Unabonyeza, unashika roho mkononi. Ikizimika, umeshindwa. Ikiwaka, basi una kitu kilichotupwa jalalani kinachokimbia kuliko kilivyokuwa kipya, na umekifanya wewe. Ni raha ya ajabu. Haina faida nyingine.

Au tuseme sasa inayo. Mashine yetu ya kazini ya kuchonga inaongozwa na kompyuta ya zamani. Inachonga umbo la kigutu cha mgonjwa kwenye bonge la povu gumu, kisha juu ya umbo hilo tunavuta plastiki ya moto, na plastiki hiyo ndiyo inakuwa kikombe cha mguu wa bandia. Umbo moja lilikuwa linakula saa nzima, na watu wanaosubiri miguu wamefika arobaini. Wiki iliyopita nimeichochea. Kutoka mapigo milioni mia moja kwa sekunde nimeipeleka mia thelathini na tatu. Sasa umbo moja ni dakika arobaini na tano! Mkuu wa karakana amenipigia makofi mbele ya wote.

Vipimo vyako vimefika kutoka kliniki ya huko. Zamu yako ni Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Nitakuchonga mwenyewe.

Mpwa wako,
Kidole


Dukani
21 Februari

Kidole, mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima. Mama yako ana ugomvi na jirani kuhusu mfereji wa maji machafu, na safari hii haki iko upande wake, nimeunusa mwenyewe. Mkaza Mjomba wako anakusalimu, meno yamepoa.

Uliponiambia nisile, hukupaza sauti ya kutosha. Mkate nimeurudisha sahani. Mjusi! Na usidhani mimi nina kazi ya usafi zaidi. Wiki hii mtu mzima mwenye cheo chake ameniletea viatu nibadilishe soli, na ndani ya kimoja kulikuwa na plasta ya kidonda iliyotumika. Imegandia. Nimemrudishia kwa koleo, kama wewe na nywele zako. Amesema, "Ah, nilikuwa naitafuta hiyo." Alikuwa anaitafuta! Watu wengine ningewapaka gundi mlangoni.

Usiniombe tena nipige simu. Simu iliyopo ni ya huyo jirani, anaongea nayo huku anatafuna, vijitundu vya kuongelea vimeziba kwa alivyotafuna. Siweki mdomo wangu hapo. Barua ni safi.

Hiyo michezo yenu sijaielewa yote, lakini furaha yako nimeielewa. Nina swali moja la kishamba. Kichwa cha mashine mmekiongezea mbio. Je, kisu chenyewe kimeambiwa?

Nausubiri mguu. Sisemi zaidi, maana nikisema nitaonekana nalia. Tangu lile lori lirudi nyuma bila kuangalia, miaka miwili sasa, sijasimama dukani kwangu mwenyewe nikampima mtu mguu. Nampima nikiwa chini kama mbwa.

Mjomba


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo nyingi kwa nyumba nzima. Nimecheka hiyo plasta mpaka Pasi akadhani nimepatwa na kitu.

Mguu umeondoka leo kwa gari la kliniki. Niliusimamia tangu povu mpaka kiatu. Muuguzi wa huko atakufunga na kukufundisha. Mwanzoni utabana, usishtuke, yote hubana mwanzoni, kigutu kinatafuta makao yake.

Kisu hakihitaji kuambiwa, Mjomba, kinafuata tu.

Hapa mambo ni moto. Tumemaliza miguu kumi na tisa ndani ya wiki sita. Wageni wa wizara walipita, Mkuu akawaonyesha ile kompyuta kama ng'ombe wa maonyesho, akaniita "binti yetu wa kasi". Nilijisikia mkubwa, sikatai. Nyumbani nimefikisha mashine nyingine mapigo mia na hamsini, ikadumu dakika kumi na moja, ikatoa moshi wenye harufu ya samaki aliyeoza. Nguo zangu zote zinanuka.

Niandikie siku utakaposimama. Nataka neno kwa neno.

Kidole


5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima. Mkaza Mjomba mzima. Jirani amezibua mfereji wake kwa mti na ameumwaga uchafu wote mbele ya mlango wetu, sasa tunaingia kwa kuruka. Halmashauri wamekuja, wameutazama, wameziba pua, wameondoka. Hiyo ndiyo kazi yao, kuziba pua.

Nimepokea ngozi mpya ya ng'ombe, mbaya, imejaa mashimo ya kupe. Nimeirudisha.

Mguu ulifika. Kazi safi, mishono ya mkanda nimeikagua, sina la kusema. Nilisimama tarehe 20 saa tatu asubuhi. Mama yako alilia, mimi nilikuwa na shughuli.

Nikuulize kitu cha kifundi tu. Hiyo plastiki ya kikombe, mtu akitaka kuilegeza kidogo upande wa ndani, inakubali maji ya moto? Siulizi kwa ajili yangu hasa.

Samahani karatasi ina harufu. Mkaza Mjomba wako amemwaga dawa ya kusafishia sakafu, siku hizi anapenda kufungua madirisha yote.

Mjomba


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumai mfereji umekwisha na mnaingia nyumbani kama watu.

Usitie maji ya moto, plastiki itajikunja. Na kwa nini ulegeze? Au kuna mahali panakusumbua? Nimemwandikia Mama, amejibu kurasa mbili za mfereji, hakuna hata mstari mmoja wa mguu. Si kawaida yake.

Nakuwekea humu karatasi tunayowapa wagonjwa sasa hivi. Wachache wamerudi na vidonda, na Mkuu amekaa akaona tatizo ni usafi: watu hawaoshi vigutu vyao, hawabadilishi soksi, jasho linaoza ndani. Ameniagiza niandike mwongozo, nami nimeuandika kwa lugha nyepesi, na picha nimechora mwenyewe. Ufuate tu, Mjomba, asubuhi na jioni, sabuni na maji. Najua wewe si mchafu. Lakini mwanaume akiwa na shughuli nyingi husahau mwili wake.

Kazi inaendelea. Nimechoka kidogo.

Kidole


17 Mei

Mpwa wangu,

Hapa wote wazima.

Nimesoma karatasi yako. Nimeiweka mezani, nikaosha mikono, nikaisoma tena, maana nilidhani nimesoma vibaya.

Mimi nimewafundisha watu wazima kuosha miguu kabla ya kuingia dukani kwangu. Ndoo iko mlangoni, sabuni iko juu ya ndoo. Wewe ulipokuwa mdogo nilikukata kucha kila Jumamosi, na ukificha mkono nyuma nilikungoja. Leo unanichorea picha ya mtu anajiosha.

Sasa nisikilize, kwa kuwa adabu imekwisha. Tangu siku ya tatu kikombe kinanikata. Sikukwambia kwa kuwa umekichonga wewe, na nilikuwa najisifu nacho kwa kila mteja. Muuguzi alisema kigutu kitazoea, nikavumilia. Kwanza ngozi iligeuka nyekundu, kisha nyeusi, kisha ikafunguka. Upande wa ndani, chini ya goti, pana shimo ninaloweza kuweka ncha ya kidole gumba. Linatoa maji ya njano, na linanuka. Linanuka, Kidole. Mkaza Mjomba wako anafungua madirisha kwa ajili yangu, na mama yako nimemkataza kuandika habari za mguu. Usiku nafunika mguu kwa nailoni ili mke wangu alale. Mimi, niliyerudisha viatu vya watu kwa koleo, leo wateja wanageuza uso wakifika mezani kwangu, nami nawaona.

Nimekipima kikombe. Hiyo ni kazi yangu, miaka thelathini na moja napima miguu ya watu. Nimepima pia karatasi ya vipimo niliyoachiwa na kliniki. Chini mambo ni sawa. Kadiri unavyopanda, upande wa ndani unapungua, na juu kabisa pamekosekana milimita nne. Si mkono wa mtu uliokosea hapo. Mkono wa mtu hukosea mahali pamoja. Hiki kimekosea polepole, kama mtu aliyeachwa nyuma na wenzake njiani, na kila hatua anazidi kuachwa.

Mashine ile uliifanya nini?

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa maumivu, nimehuzunika mno. Naomba radhi kwa kuchelewa, nilikuwa na homa, kisha tulikuwa na ukaguzi, kisha posta walifunga. Mkaza Mjomba meno yake vipi? Mama nimemtumia kitambaa cha kijani, kimefika?

Vaa mguu kwa muda mfupi mfupi, na kama unaweza usiuvae kabisa kwa sasa. Nakutumia sponji laini za kubandika upande wa ndani, na dawa ya unga. Nenda kliniki wakuoshe kidonda. Vikombe huweza kupungua plastiki inapopoa, inatokea, hata mafundi wazoefu inawatokea. Tutakutengenezea kingine.

Nakupenda sana.

Kidole


29 Juni

Sikuuliza habari za sponji.

Mjomba


Chumbani
14 Julai

Mjomba,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Nimeanza barua hii mara nne. Zile tatu zilikuwa na uongo ndani, nimezichana.

Uliuliza kama kisu kimeambiwa. Hakikuambiwa. Ile programu ya kuchonga ni ya zamani sana. Inakihesabia kisu hatua zake kwa kasi ya prosesa: hatua moja, pumzika, hatua moja, pumzika. Nilipoichochea prosesa, mapumziko yakawa mafupi. Asubuhi, mota inayosogeza kisu ikiwa baridi, iliweza kufuatana nayo. Baada ya saa sita mchana, ikishapata moto, ilianza kukosa hatua. Kompyuta inasema rudi nyuma kumi, kisu kinarudi tisa, na kompyuta haijui, inaendelea. Umbo linazidi kuliwa upande mmoja mpaka mwisho. Hakuna kengele inayolia, hakuna kinachozimika. Nyumbani nikizidisha mchezo, mashine inazimika, najua nimeshindwa. Hapa kila kitu kiliwaka vizuri, nikadhani nimeshinda.

Umbo lako nililichonga saa nane mchana.

Hilo ndilo kosa. Sasa sikiliza uchafu wenyewe.

Mwezi wa nne, mguu wa kwanza uliporudi, nilihisi. Wa pili uliporudi, nilijua. Kipimio kilikuwa kimening'inia ukutani, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikukichukua, kwa sababu nilijua nitakachokipata. Badala yake nilirudisha kile kifuniko kwenye pini yake ya zamani siku moja wengine wakiwa wanakula, nikafunga kompyuta, nikafuta alama za vidole. Mkuu alipoona umbo limerudi kuwa la saa nzima, nilimwambia joto la msimu. Aliniangalia. Naye alijua, Mjomba. Hakuuliza. Alisema, "Andika kitu kuhusu usafi wao."

Nikaandika. Nilikaa nikachora mtu anajiosha, nikampaka rangi ya buluu kwenye maji, nikafikiri mchoro umependeza. Kisha nikautia kwenye bahasha nikakutumia wewe.

Barua yako ya Mei ilipofika niliisoma nimesimama bafuni, nikatapika. Nilijisikia nafuu kidogo, kwa sababu mtu akitapika hudhani ametubu. Halafu nikakaa nayo karibu mwezi, nikakuandikia habari za plastiki kupoa. Sikuwa na homa. Posta haikufungwa.

Siku hizi nikifungua kompyuta kuukuu, nikaona yale mayai na yale mablanketi ya nywele, sioni kinyaa tena. Huo ni uchafu wa mende, haujui unachofanya. Kinyaa nakiona nikijiangalia mikono.

Miguu iliyochongwa mchana, ukiacha wako, ni kumi na mmoja. Kesho naenda kwa Mkuu na orodha. Akikataa kusema, nitasema mimi.

Nijibu hata kwa tusi.

Kidole


25 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Hukujibu. Mama naye ameandika kadi tu, "Tupo," basi. Kwa hiyo naandika kwa kuwa niliahidi kusema, hata kama unaitia barua hii jikoni.

Nilikwenda kwa Mkuu. Alifunga mlango, akaniambia kwa upole, upole ule wa kumfanya mtu ajione mjinga, "Binti, vidonda vinapona. Jina la karakana haliponi." Akanipa chai. Mjomba, niliitazama ile chai, ina utando juu, nikaona siwezi kumeza kitu chochote kutoka kwenye chumba kile. Nilimwachia kikombe mezani nikaenda kumwandikia daktari mkuu wa hospitali inayotusimamia. Ndani ya siku tatu mashine ilifungwa kwa mnyororo. Mkuu amehamishwa ofisi nyingine, na wamempa meza kubwa zaidi. Mimi nimeondolewa kwenye mashine, nakanda kwa mikono plasta ya kuchukulia umbo la kigutu. Pasi haniongeleshi, anasema nimewachomea wote.

Nimeomba ruhusa ya kuwafuata hao kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine. Saba nimewafikia.

Kuna mama mmoja mshona nguo, anakanyaga cherehani kwa mguu wetu. Alinifungulia mlango akitabasamu, akadhani nimekuja kumpongeza. Nilipomvua kikombe, soksi ilikuja na ngozi. Harufu ilijaa chumba, na yeye ndiye aliyeniomba msamaha mimi. "Samahani binti, nimejitahidi kuosha." Nikamwambia, "Mama, si wewe. Mashine niliiharibu mimi." Hakuelewa mara moja. Nilirudia. Alipoelewa alitema mate sakafuni kwake mwenyewe, pembeni ya kiatu changu, akaniambia nimvalishe soksi safi na niondoke.

Wa saba ni mzee aliyekuwa tarishi. Yeye ndiye sitamsahau. Kidonda chake kilikuwa kipana kuliko vyote, chekundu kama nyama ya buchani, na pembeni kina mikwaruzo. Nikamuuliza mikwaruzo ya nini. Akanionyesha karatasi yangu, ameibandika juu ya kitanda. Kila asubuhi na jioni alikuwa anakisugua kigutu kwa brashi ya nguo na sabuni ya kipande, anang'ata taulo, kwa sababu karatasi ilisema usafi. Akaniuliza kama amesugua inavyotakiwa.

Niliibandua ile karatasi. Sikupata pa kuitupa, niko nayo mfukoni.

Nilikuwa nimefika hapa jana, nikaiacha barua niimalize leo. Leo asubuhi kliniki ya huko imeleta fomu mpya ya vipimo. Jina ni lako. Tarehe ya upasuaji ni 2 Julai. Kwenye mstari wa mahali pa kukatwa wameandika: juu ya goti.

Nimeisoma mara tatu nikidhani wamekosea. Mjomba, tarehe 2 Julai. Siku tatu baada ya barua yako ya mstari mmoja. Nilipokuwa nachanachana barua zangu tatu za uongo, goti lako lilikuwa limeshakwenda.

Kwa nini hamkuniambia?

Kidole


19 Septemba

Kidole,

Marahaba. Mama yako mzima, kitambaa cha kijani alikipokea lakini hajakishona. Mkaza Mjomba wako mzima, amefunga madirisha, kwa kuwa harufu imekwisha pamoja na kilichokuwa kinanuka.

Hatukukwambia kwa kuwa nilikataza. Walisema kidonda kimefika mfupani, nikawaambia wakate, nikawaambia hawa wawili mdomo ufungwe. Sikutaka unijibu kwa huruma. Nilitaka unijibu nilichouliza. Kama ungejua goti limekwenda ungekiri kwa sababu ya goti. Nilitaka ukiri kwa sababu ni kweli. Ulikawia, lakini ulikiri bila kujua. Hilo nimeliweka pembeni, silo dogo.

Usidhani nimepoa. Barua ya Julai niliisoma mara moja nikaitupa chini ya meza kwenye vipande vya ngozi, ikakaa humo wiki nzima kama kitu kilichokufa. Mkaza Mjomba wako ndiye aliyeiokota. Kilichonichefua si kisu kukosa hatua. Hata mimi nimeharibu viatu vya watu, nimewahi kumtoboa mtu unyayo kwa msumari niliousahau ndani. Kilichonichefua ni kile kipimio ukutani, hatua mbili. Na picha ya maji ya buluu. Nikiikumbuka mpaka leo nageuza uso, na mbele yangu hakuna mtu.

Kuhusu tarishi, nimemwambia mama yako akaiacha habari ya mfereji katikati. Unajua ni mara ngapi mama yako ameiacha habari hiyo.

Wanne waliobaki wafikie. Usiwaandikie, wafikie. Ukitemewa mate, futa, uendelee.

Fomu ile kliniki waliituma bila kuniuliza. Ichane. Vipimo vilichukuliwa na mtu aliyekuwa anatafuna, mkono mmoja una futi, mwingine una karanga. Siuvai mguu uliopimwa hivyo, na siuvai uliochongwa na mashine, iwe imechochewa au imelala. Kama ninyi mna plasta na mikono, basi njoo na plasta na mikono. Utanipima mwenyewe. Utakishika kigutu, utakitazama kwa karibu, pale paliposhonwa na pale pasipo na goti, na ukisikia kinyaa usikifiche, mimi nimekizoea changu. Mguu wa juu ya goti ni mgumu kutengeneza, wameniambia. Utajaribu. Ukibana nitakwambia siku hiyo hiyo, hapo hapo, kwa sauti ambayo mtaa mzima utaisikia. Safari hii sitakaa kimya ili nikupendeze.

Kusamehe usiniulize. Siku nikiwa tayari utajua.

Basi la Jumanne linafika saa nne asubuhi. Mama yako saa hiyo yuko sokoni, na Mkaza Mjomba wako anarudi adhuhuri, kwa hiyo nitakuwa peke yangu. Ukigonga, gonga kwa nguvu, kisha usubiri palepale mlangoni. Usigonge mara ya pili. Siku hizi kuinuka kwangu kunachukua muda.

Mjomba wako